Ndoo haigandi, shati linaganda: jinsi ya kusoma baridi ya upepo

Saa tisa alasiri hapa Kirumba, Mwanza, ni saa mbili usiku Beijing, na ndiyo saa aliyonitumia ujumbe mpwa wangu aliyeko masomoni huko. Ilikuwa mwezi wa tatu. Alikuwa amepiga picha kioo cha simu yake. "Shikamoo mjomba. Simu inasema nyuzi 3, halafu chini yake inasema inahisi kama hasi 3. Nina ndoo ya maji nje na nguo nimeanika. Vitaganda?"

Mimi nilikuwa juani, jasho linanitiririka, napigana na upepo wa ziwa uliotaka kuninyang'anya turubai nililofunikia barafu. Nikamjibu mbiombio: "Marahaba. Hewa ikibaki nyuzi 3, ndoo haigandi. Nguo zinaweza kuganda." Akadhani namtania. Upepo mmoja ugandishe shati uache ndoo? Na upepo unaomtetemesha yeye kule, kwa nini huku unaniyeyushia barafu?

Nauza barafu kwa wakusanyaji wa sangara, kwa hiyo maswali haya kwangu ni ya tumbo. Jibu lake unaweza kulipata mwenyewe nyumbani kwa vifaa vya bei ndogo, hata hapa Mwanza ambako maji hayajawahi kuganda nje ya friza.

Kabla ya kupima chochote: upepo ni kuli

Wengi tunasema "upepo wa leo una baridi", kana kwamba upepo una baridi yake mwenyewe mfukoni. Hauna. Upepo ni kuli, kama wale wa soko la samaki la Mwaloni. Kazi yake ni kuhamisha joto, na siku zote hulitoa palipo na jingi kulipeleka palipo na dogo.

Ngozi yako ina nyuzi 33 hivi, na juu yake imelalia hewa nyembamba iliyokwisha kupashwa na mwili, mfano wa kanga usiyoiona. Hewa ikitulia, ile kanga inabaki. Upepo ukija unaivua, mwili unapasha nyingine, nayo inavuliwa. Hapo ndipo unapohisi baridi, ingawa hewa haijapungua hata uzi mmoja.

Upepo ukizidi maana yake makuli wameongezeka na mzigo unahama upesi. Lakini kuli hana la kubeba pasipo na tofauti. Kitu kikavu kikishafikia joto la hewa inayokizunguka, kazi imekwisha, hata upepo uvume mpaka mabati yang'oke. Mwili wako haufiki huko kwa sababu umo moto unaowaka mfululizo wa chai na ugali. Ndoo ya maji haina moto huo. Inapoa, inalingana na hewa, inatulia hapo.

Hatua ya kwanza: hakiki kipimajoto

Nunua vipimajoto viwili vya aina moja, vile vya kioo au vya betri. Usiviamini kwanza. Ponda barafu, jaza kikombe, mimina maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito, koroga, chovya ncha zote mbili na usubiri dakika tano. Maji yakiwa pamoja na barafu namna hiyo hukaa kwenye sifuri. Kimoja kikisoma 1, andika ubavuni kwamba kinazidisha moja, na kila utakaposoma upunguze hiyo moja.

Usihakiki kwa maji yanayochemka ukitegemea 100. Mwanza iko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Namjua mtu aliyetupa kipimajoto kizima kabisa kwa kosa hilo. Mtu huyo anaandika mwongozo huu.

Hatua ya pili: kipimajoto kikavu mbele ya feni

Tundika vyote viwili kivulini, usawa wa kichwa, mbali na ukuta uliopigwa na jua. Hapa kwetu hilo ni muhimu kwa sababu mawe yetu hutunza joto. Ukitundika karibu na jabali utakuwa unapima jabali. Subiri robo saa, kisha elekeza feni kwenye kimoja. Weka na mkono wako mbele ya feni hiyohiyo.

Mkono utasikia ubaridi. Kipimajoto hakitashuka. Kama hewa ni nyuzi 27, vyote viwili vitasoma 27, chenye feni na kisicho na feni.

Kikishuka, chunguza mambo mawili: ama kilikuwa na jua, ama kimelowa. Kilichopigwa na jua huwa na joto kuliko hewa, na upepo hukirudisha kwenye joto la hewa. Hukirudisha tu, haukipitishi chini yake. Kilicholowa tutakifikia baada ya hatua moja.

Hatua ya tatu: chupa mbili za maji ya uvuguvugu

Chukua chupa mbili za soda zinazofanana, zijaze maji ya uvuguvugu wa kuogea, kisha uzifunge vizuri. Moja iweke penye upepo wa dirishani, nyingine nyuma ya kabati, zote kivulini. Kila dakika kumi fungua haraka, pima, funga.

Ya dirishani itapoa kwanza, wala hutahitaji kipimajoto kulijua hilo. Lakini usiishie hapo. Kazi ya maana iko baada ya saa kadhaa, wakati watoto wameshachoka na jaribio: pima tena, nawe utakuta zote mbili zimekaa kwenye joto lilelile, joto la chumba. Ya dirishani ilitangulia tu kufika. Hiyo ndiyo ndoo ya mpwa wangu. Kwenye hewa ya nyuzi 3 yenye upepo itafika nyuzi 3 mapema kuliko ndoo iliyokingwa na ukuta, kisha itabaki maji. Ile hasi 3 ya kwenye simu haikuandikiwa ndoo.

Sababu ya kufunga chupa ni kwamba maji yaliyo wazi yana siri nyingine.

Hatua ya nne: lowesha

Kata kipande cha kanga kuukuu ya pamba, kiloweshe kwa maji yaliyokaa ndani ya chumba hichohicho, uzungushie ncha ya kipimajoto kimoja. Kingine kibaki kikavu. Washa feni.

Sasa utaona kilicholowa kikishuka, uzi mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka kinagoma. Mchana wa nyuzi 27 wenye unyevu wa asilimia 60, kitagomea kwenye 21 hivi. Upepo ni uleule ulioshindwa kushusha kikavu hata kidogo. Tofauti ni maji: yakigeuka mvuke hudai joto, na joto hilo huliiba kwenye kitambaa chenyewe. Kazi ya upepo ni kuondoa mvuke uliokwisha toka ili mwingine upate nafasi.

Bibi zetu waliijua hesabu hii bila kipimajoto. Mtungi wa udongo hutoa jasho, jasho hukauka, maji ya ndani hupoa. Uweke kivulini mahali panapopita upepo, usiubane kwenye kona. Ndoo ya plastiki iliyofunikwa haitoi jasho, kwa hiyo hata uipe upepo wa ziwa zima itabaki vilevile. Na ukiona mtungi wa Shinyanga unapoza kuliko wa kwako wa Capripoint hapa Mwanza, usimlaumu mfinyanzi. Hewa kavu hunywa jasho la mtungi upesi, hewa ya kando ya ziwa imeshashiba maji.

Rudi sasa Beijing. Majira yale hewa yake ni kavu na upepo ni mwingi. Kwenye hewa ya nyuzi 3 yenye unyevu wa asilimia 30, kitambaa kilicholowa kinaweza kushuka mpaka hasi 2. Shati ni kitambaa kilicholowa pande zote, na maji yake ni membamba, hivyo linaweza kuganda wakati kipimajoto kikavu kando yake kinasoma 3. Ndoo nayo hupoteza mvuke kwa juu, lakini ina lita ishirini za kupoza kupitia mdomo mmoja, tena pande zake zinapokea joto la hewa na la sakafu. Asubuhi alinitumia picha ya suruali ya jinzi imekakamaa kama bati, na ndoo maji matupu. Hakuongeza neno.

Kwa hiyo kanuni ya "upepo haushushi kitu chini ya joto la hewa" ni ya vitu vikavu. Kilicholowa kina sakafu yake, ile inayoonyeshwa na kipimajoto chenye kitambaa. Anayekwambia upepo hauna uwezo huo kabisa amesahau mtungi wa kwao.

Hatua ya tano: barafu mbele ya feni

Chukua barafu mbili za mfuko zenye ukubwa mmoja, zivue mifuko, weka moja kwenye sahani mbele ya feni na nyingine kwenye sahani kona iliyotulia. Waulize waliopo ipi itadumu. Nimeuliza watu wengi kijiweni kwetu, na wengi huichagua ya feni, "maana ile inapulizwa".

Ya feni huyeyuka kwanza. Hewa ni nyuzi 27, barafu ni sifuri, makuli wanabeba joto kuliingiza ndani ya barafu. Tena wanabeba na mvuke: ule unaogeuka matone juu ya chupa ya soda ya baridi huacha joto lake pale unapotua.

Mimi somo hili nililinunua kwa fedha. Mwaka wangu wa kwanza nilifungua kifuniko cha sanduku la sangara ili upepo wa jioni wa ziwa usaidie kupoza. Kabla ya magharibi barafu ilikuwa supu. Hata ningefunika kwa gunia lililolowa bila kuziba upepo, gunia hilo kwa hewa ya Mwanza lingeishia nyuzi 21 hivi, na 21 kwa barafu ni kama jiko.

Basi ukibeba barafu kwenye pikipiki au mtumbwi, ziba upepo kabla ya kitu kingine chochote. Turubai lisilopitisha hewa liwe nje, gunia kavu au maranda ya mbao ndani yake, kifuniko cha deli kifungwe. Usiponde mpaka karibu na kutumia, kwa sababu pande kubwa hupigwa na hewa sehemu ndogo kuliko vipande.

Barafu ina deni lake pia, nalo linawafaa wenye friza. Kuondoa joto kwenye kilo moja ya maji ya nyuzi 25 mpaka yafike sifuri ni kilojuli 105 hivi. Kuyageuza yale maji ya sifuri yawe barafu ya sifuri ni kilojuli 334, zaidi ya mara tatu. Ndiyo maana ukipima maji yanayoganda utaona kipimajoto kimekwama kwenye sifuri saa nzima na zaidi, ukadhani friza imekufa. Haijakufa. Panga mifuko kwa kuachana ili hewa ipite katikati, acha kufungua mlango. Friza yenye feni ndani huwahisha kazi hiyo, lakini kama imewekwa hasi 18, feni haitaifanya barafu iwe hasi 25.

Hatua ya sita: soma namba mbili za kwenye simu

Namba ya kwanza ni joto la hewa. Hiyo ndiyo ya maji, bomba, betri, mafuta ya gari, na chochote kisicho na uhai. Namba ya pili, ile ya "inahisi kama", ni ya ngozi ya binadamu. Penye baridi huhesabiwa kwa upepo. Penye joto, kama kwetu, huhesabiwa kwa unyevu, na ndiyo maana mchana wa Mwanza unaweza kusoma juu kuliko hewa yenyewe.

Cha kushangaza ni kwamba baridi ya upepo, yaani hiyo namba ya pili ya penye baridi, ilizaliwa kutokana na maji yanayoganda. Wamarekani wawili, Paul Siple na Charles Passel, wakiwa Antaktika mwaka 1941, walitundika nje chombo cha plastiki chenye maji wakapima yanachukua muda gani kuganda kwenye upepo wa kasi mbalimbali. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1945. Walipima kasi ya kuganda. Kipimo cha kuganda chenyewe, sifuri, hawakukigusa. Mwaka 2001 Marekani na Kanada zilileta hesabu mpya iliyotokana na nyuso za watu waliojitolea kutembea ndani ya chumba cha upepo wa baridi huko Toronto. Hesabu ni hii, T ikiwa joto la hewa kwa nyuzi za Selsiasi na V kasi ya upepo kwa kilomita kwa saa (V^0.16 ni V kwa kipeo cha 0.16):

13.12 + 0.6215 × T − 11.37 × V^0.16 + 0.3965 × T × V^0.16

Hewa ikiwa nyuzi 5, upepo wa kilomita 10 unakupa 3, wa 40 unakupa hasi 1, wa 60 unakupa hasi 2. Angalia jinsi upepo wa kwanza unavyouma kuliko nyongeza yake. Ile kanga ya hewa ikishavuliwa, hakuna nyingine kubwa ya kuvua. Katika hali zote tatu, maji ya ndoo yanaelekea nyuzi 5. Ngozi nayo haigandi kwenye hewa iliyo juu ya sifuri, japo mtu anaweza kupoteza joto mwilini mpaka akafa. Hewa ikiwa hasi 10 na upepo wa kilomita 30, uso unahisi karibu hasi 20. Maji yataganda, na yataganda upesi kuliko bila upepo, ila barafu yake itaishia hasi 10. Namba ya pili ikifika hasi 28, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Hilo nilimwandikia mpwa wangu kwa herufi kubwa.

Hesabu hii ni ya hewa ya nyuzi 10 kushuka chini. Ukimwona mtu anaitumia kwa alfajiri ya Igoma hapa Mwanza yenye nyuzi 18, anapima dagaa kwa mizani ya ng'ombe.

Palipo na jalidi

Wenzetu wa Njombe na Makete wana jambo lao la mwezi wa sita na wa saba ambalo linageuza hadithi yote. Asubuhi unaweza kukuta majani yana jalidi, yaani utando mwembamba wa barafu, ilhali kipimajoto kilichotundikwa usawa wa kifua kilisoma 2 au 3 usiku kucha. Hapo hakuna upepo, na ndiyo sababu. Usiku wa anga jeupe lisilo na mawingu, majani hutoa joto lake kwenda angani, yakawa baridi kuliko hewa iliyo juu yake. Upepo ukivuma huchanganya hewa, ukashusha ile yenye joto kidogo ya juu, na majani yakaokoka. Ukilima viazi huko, usiku wa kuogopa ni ule uliotulia.

Hatua ya saba: kwa bodaboda na wavuvi wa dagaa

Alfajiri ya kiangazi, hewa ya Mwanza hushuka mpaka nyuzi 17 au 18, na maji ya ziwa yanabaki 24 na kitu. Ndiyo maana ukitumbukiza miguu saa kumi na moja ufukweni unahisi kama yamepashwa. Nyuzi 17 hazigandishi kitu. Lakini dereva wa bodaboda anayekwenda kilomita 50 kwa saa ametengeneza upepo wake mwenyewe. Kuvaa jaketi nyuma mbele, ili zipu isielekee upepo, ni busara kamili ya kifizikia, wacheke wanaocheka. Boksi la kadibodi kifuani linasaidia kwa sababu hiyohiyo. Sweta peke yake ni dhaifu penye mwendo, upepo unapita kwenye nyuzi zake na kuichukua hewa iliyopashwa. Livae ndani, kisichopitisha upepo kiwe juu.

Mvuvi wa dagaa yuko pabaya zaidi. Usiku wa giza, taa zimewashwa, upepo wa nchi kavu unasukuma kuelekea ziwani, na mtu ana fulana iliyolowa. Huyo ni kipimajoto chenye kitambaa. Anakabiliwa na kuli wa upepo na mwizi wa mvuke kwa pamoja, saa nane mfululizo.

Beba nguo kavu kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, na uivae baada ya kuvuta nyavu, usingoje nyumbani. Koti la mvua livae hata kama hakuna mvua, juu ya kile kikavu. Ukikosa cha kubadili, lipige shati msokoto mpaka litoe maji yote ulivae tena chini ya koti. Likizibwa upepo na mvuke, wizi unapungua sana. Pombe iache nchi kavu: hufungua mishipa ya ngozi, ukahisi moto wakati joto la ndani linamwagika nje. Mwenzako akianza kutetemeka bila kujizuia, au akashindwa kufunga kamba aliyoizoea, mlaze chini ya ubao wa mtumbwi mahali upepo usipofika, mvue kilicholowa kwanza, mfunike turubai, na chai ifuate baadaye akiwa anaweza kushika kikombe mwenyewe.